Shajara ya mradi: kuishi kwa kazi ya nyoka wenye sumu, Nairobi 2024

8 Januari 2024. Mtaji na ndoto

Kwa miaka 9 nilikuwa mtunza bustani katika boma moja mtaani Karen. Nyoka akionekana, niliitwa mimi, nami nilimkata kwa jembe. Mwaka 2022 nilimkata mmoja mbele ya mzee aliyekuja kukagua mizinga ya nyuki. Akamgeuza kwa kijiti, akasema, "Kijana, umemuua mla panya wako." Mzee huyo ndiye mwalimu wangu leo. Ana kibali cha kushika nyoka, nami nimemsaidia miezi 14 kila wikendi bila malipo: kusafisha vizimba, kubeba ndoo, na kutazama mikono yake.

Desemba niliacha kazi ya bustani. Mshahara ulikuwa shilingi 18,000 na akiba yangu ni 60,000. Naandika ili anayetaka kufuata njia hii aone pesa zinatokea wapi na zinapotelea wapi. Mpango wa kwanza ni kuuza sumu. Kila anayeanza amesikia kwamba gramu ya sumu ina bei kuliko dhahabu.

27 Januari. Hesabu ya sumu imekataa

Kifutu mkubwa akikamuliwa hutoa kwa kawaida miligramu 100 hadi 350 za sumu kavu. Bumslangi, nyoka wa mitini, hutoa miligramu chache tu. Kwa hiyo gramu moja ya kifutu yahitaji nyoka kati ya 3 na 10 wenye afya, wanaolishwa na kupumzishwa. Hapo bado hujainunua mashine ya kukausha kwa baridi, kwa maana sumu ikikaa majimaji huharibika. Anayenunua ni mtengenezaji wa dawa au mtafiti, naye haulizi bei kwanza. Anauliza nyoka alitoka wapi, ni spishi gani kwa jina la kisayansi, nani alimkamua, na vibali viko wapi.

Kazi hiyo ina wenyewe nchini. Watamu, huko Pwani, kuna kituo cha nyoka cha Bio-Ken, kilichoanzishwa na James Ashe mwaka 1980. Swila mkubwa kuliko swila wote watemao sumu, *Naja ashei*, alipewa jina la Ashe mwaka 2007. Hapa Karen, ndani ya msitu wa Oloolua, kuna kituo cha utafiti wa sumu ya nyoka kwenye taasisi ya utafiti wa nyani. Mimi nina ndoo na cheti cha darasa la nane.

Niliandikia wanunuzi wawili. Mmoja alijibu kwa adabu na orodha ya nyaraka iliyonizidi kimo. Nimefunga mlango huo. Hasara: 2,300 za saiba na bando, na wiki tatu. Mpango wa pili: kuitwa, kumwondoa nyoka, kulipwa.

16 Februari. Vifaa

Kulabu ya kwanza nilichomelewa kwa nondo, shilingi 450. Kosa. Nondo ni nzito, mkono unachoka kabla nyoka hajachoka, na ncha yake ilikuwa kali. Ya pili nilinunua fimbo ya gofu kuukuu soko la Gikomba kwa 700, fundi akakata kichwa na kuchomelea kulabu ya chuma laini kwa 300. Ni nyepesi, ina mshiko wa mpira, na hadi leo sijaona sababu ya kuibadilisha.

Koleo ndilo lililonifunza kwa uchungu. Niliona kile chombo cha kuokotea takataka, 1,200, nikajiona mjanja. Nikakijaribu kwa nyoka wa nyumba wa kahawia, asiye na sumu. Meno ya plastiki yaliteleza, nikabana zaidi, nikamvunja mbavu. Mwalimu hakunigombeza. Alinipa nyoka yule nimtunze wiki mbili hadi alipokufa. Baada ya hapo niliagiza koleo halisi kutoka Marekani, 13,800 pamoja na usafiri, na sasa nalitumia kuelekeza tu. Uzito wa nyoka hubebwa na kulabu. Anayebeba nyoka mzima kwa koleo ataumiza nyoka, na nyoka anayeumia hujipinda kutafuta mkono.

Vingine: ndoo mbili za lita 20 zenye vifuniko vya kuzungusha (1,300), miwani ya fundi wa kuchomelea (400, itarudi humu chini, kwa aibu), gambuti (1,100), tochi ya kichwani (1,500), mifuko minne ya kitambaa (600). Jumla ya vifaa, pamoja na vile viwili vya kutupa, ni 21,350.

Glavu nene sikununua. Zinaondoa hisia vidoleni, na chonge za kifutu mkubwa hazijali ngozi ya glavu.

4 Machi. Karatasi, na hospitali

Kwa sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, nyoka wa Kenya ni mali ya taifa. Huwezi kumkamata, kumfuga wala kumsafirisha bila idhini ya KWS, shirika la serikali la wanyamapori, hata kama yuko chini ya kitanda chako. Maombi yangu yalirudi kwa kosa langu mwenyewe: niliandika "kufuga na kuuza" kwa sababu fomu niliijaza Januari, wakati wa ndoto ya sumu. Naanza upya. Kwa sasa nafanya kazi chini ya kibali cha mwalimu. Kila nyoka anapita mkononi mwake, yeye ndiye anayeamua na maafisa ataachiliwa wapi, naye huchukua asilimia 30.

Bima: kampuni mbili zilicheka, ya tatu haikupiga simu tena.

Halafu hospitali. Usianze kabla ya hatua hii. Nilizunguka siku mbili nikiuliza swali moja: mna dawa ya sumu ya nyoka, leo, kwenye friji? Wengine walisema ndiyo, na nilipoomba kuiona ikawa ni dawa ya pepopunda. Soma karatasi ya kichupa. Lazima itaje nyoka wa Afrika: *Bitis arietans* ndiye kifutu, *Dendroaspis polylepis* ndiye koboko, *Naja nigricollis* ndiye swila mwenye shingo nyeusi. Dawa iliyotengenezwa kwa sumu ya nyoka wa India peke yao haitakusaidia. Fav-Afrique, ambayo wazee wa kazi hii wanaitaja kwa heshima, iliacha kutengenezwa mwaka 2014. Sasa nina majina ya sehemu mbili ndani ya kifuniko cha ndoo, na kila Jumatatu nawapigia kuuliza kama bado ipo.

Dawa yenyewe siweki nyumbani. Imetokana na damu ya farasi, na mwili unaweza kuikataa kwa kishindo. Yataka daktari, dripu na adrenalini karibu.

21 Machi. Mwezi wa kwanza, na elfu mbili ya nini

Simu 11. Nilienda 7. Waliolipa ni 3: 1,000, 500 na 1,500. Nauli za bodaboda zilinila 4,150. Nimefanya kazi mwezi mzima ili nipoteze 1,150.

Simu ya Lavington ndiyo iliyonionyesha tatizo. Dada wa nyumba alikuwa amesimama juu ya kiti. "Kaka, mamba wa kijani! Yuko kwa maua." Koboko wa kijani, ndiye huyo aliyemwita mamba, ni wa Pwani, Nairobi hayupo. Aliyekuwa kando ya bwawa la samaki ni nyoka wa kijani mwembamba anayekula vyura, hana sumu ya kumdhuru mtu. Nilimtia kwenye mfuko wa kitambaa kwa dakika mbili. Mwenye nyumba akatoka.

"Umemshika? Ana sumu kali, sivyo?"

"La, mama. Huyu hana neno."

"Hana sumu? Sasa hiyo elfu mbili ni ya nini?"

Sikuwa na jibu. Nilipewa 500 na soda.

Usiku nililiona kosa. Nilikuwa nimeweka bei kwenye sumu. Kwa bei hiyo, nikiwa mkweli nakufa njaa, na nikiwa mwongo kila nyoka wa kijani atakuwa koboko. Zaidi ya hapo, kujua ni nani ndiyo kazi yenyewe. Kijani si salama kila mara hapa kwetu: bumslangi dume naye anaweza kuwa wa kijani, kichwa kifupi, macho makubwa mno. Sumu yake inazuia damu kuganda, inakuja polepole, na aliyeumwa anaweza kushinda akijiona mzima. Mwaka 1957 huko Chicago, Karl Schmidt, mtaalamu wa nyoka, aliumwa na bumslangi mchanga, akaandika dalili zake saa kwa saa, akafa siku iliyofuata. Mtu wa namna hiyo alipuuza. Mimi ni nani?

Bei mpya tangu leo: 1,500 kwa M-Pesa kabla sijatoka nyumbani, hairudi hata nyoka akiwa ametoweka. Nikimpata, 2,000 zaidi, awe koboko au awe nyoka wa nyumba. Kabla ya yote naomba picha kutoka mbali. Wiki ya kwanza picha mbili ziliokoa nauli: moja ilikuwa paipu ya maji, nyingine mkanda wa mzee.

Jambo jingine la mwezi huu ni bodaboda. Mmoja aliniuliza Ngong Road, "Bosi, kwa ndoo ni nini?" Nikajibu ukweli. Aliegesha pikipiki, akavua kofia, akaniacha nayo, akavuka barabara. Nilimngoja dakika 20 nikimlindia chombo chake. Sasa nina mmoja tu anayekubali, kwa nauli mara moja na nusu, na sharti kwamba ndoo ifungwe kamba mbele ya macho yake.

30 Aprili. Macho

Mvua ya mwezi huu kila mtu wa Nairobi anaijua. Mashimo yamejaa maji, panya wamehamia majumbani, nyoka wakawafuata. Simu 9 kwa siku 8.

Tarehe 24, Lang'ata, stoo ya pampu. Swila mwenye shingo nyeusi nyuma ya tangi. Kwa unyevu ule miwani ilipata ukungu, sikuona kitu, nikaipandisha kwenye paji la uso "kwa sekunde tu". Swila hangoji umalize sekunde. Hulenga uso, na mita mbili kwake si kitu. Nilihisi kama nimepakwa pilipili na moto kwa pamoja, macho yakajifunga yenyewe.

Nilichofanya vizuri: sikusugua, nilitoka nikishika ukuta, nikamwambia askari afunge mlango wa stoo, nikapiga magoti kwenye bomba la bustani na kuacha maji yapite juu ya macho dakika 20 kwa saa ya askari. Maji tu. Mama mmoja alikuja na maziwa kwa moyo mwema. Nilimshukuru na kumwomba aongeze presha ya bomba. Kisha kliniki ya macho, 3,800: mchubuko mdogo jicho la kushoto, dawa ya matone, siku mbili gizani. Mwalimu alikuja kumtoa swila yule kwa dakika sita, kisha akaja kunitazama na kusema neno moja: "Miwani."

Marekebisho: kioo cha uso mzima, 1,850. Kipake ndani tone la sabuni ya vyombo, ulifute kwa kitambaa kikavu, ukungu haushiki. Na kanuni niliyojiwekea ni kwamba ukungu ukishika, narudi nyuma hadi nje ya mlango kwanza, ndipo naguswa na hamu ya kufuta.

23 Mei. Mfupi, mweusi, anayeng'aa

Mtunza bustani mwenzangu alinitumia picha akiwa amemshika nyoka mdogo mweusi kwa vidole viwili nyuma ya kichwa, kama walivyomwonyesha kwenye video. Nilimpigia nikimwambia amtupe kabla hata sijamsalimu. Hao ni nyoka wachimbaji wa jenasi ya *Atractaspis*, hutoka ardhini baada ya mvua. Chonge zao hutokeza kando bila kufungua mdomo, kwa hiyo hakuna namna salama ya kuwashika nyuma ya kichwa. Dawa iliyopo hospitalini haiwahusu. Maumivu utayamaliza mwenyewe, na kidole chaweza kuoza. Alimtupa. Alikuwa na bahati. Huyo namwingiza ndooni kwa kumsukuma na ubao, basi.

17 Juni. Ndoo iliyozaa

Kifutu mnene, Karen, chini ya rundo la kuni. Kazi safi, nikajisifu. Ilikuwa saa mbili usiku, mwalimu yuko Naivasha, nikamlaza ndooni chumbani kwangu hadi asubuhi. Saa kumi na moja alfajiri nilisikia mkwaruzo mwingi kuliko nyoka mmoja. Kifutu hatagi mayai, huzaa. Nilimulika kupitia matundu ya hewa: ndoo nzima ilikuwa inatembea.

Watoto walikuwa 31. Kila mmoja ana chonge na sumu tangu dakika ya kwanza. Na matundu yangu niliyatoboa kwa msumari wa inchi nne, makubwa kwa mtoto mwembamba. Niliifunika ndoo kwa shuka, nikaiweka ndani ya beseni, nikahesabu mara tatu walipohamishwa. Mara ya kwanza nilipata 30. Sitaandika nilivyokaa ile nusu saa juu ya kitanda. Wa 31 alikuwa chini ya tumbo la mama yake.

Mwalimu aliona ni wachache: kifutu kutoka Kenya aliyekuwa katika bustani ya wanyama huko Czech alizaa 156 kwa mara moja. Marekebisho: matundu sasa ni ya msumari mdogo, na ndani nimegundisha wavu wa chujio la chai. Gharama 180. Ndoo hailali tena chumbani.

11 Agosti. Baridi, na unga wa kufukuza nyoka

Julai simu 4, Agosti hadi sasa 1. Nairobi ikipoa nyoka hutulia, na mpokea simu hutulia naye. Akiba imebaki 7,400. Mama watoto ameuliza mara mbili, kwa upole, kama bustani ya Karen bado haina mtu.

Jamaa mmoja alinishauri niuze unga wa salfa wa kufukuza nyoka: kopo la 150, unauza 900. Njaa ilinifanya nijaribu. Nilimwaga mstari mnene kizimbani kwa mwalimu, nikamwachilia nyoka wa nyumba upande mmoja. Aliuvuka kama anavuka barabara Jumapili. Tukajaribu mafuta taa, kitunguu saumu na dizeli. Mstari wa dizeli aliukatisha polepole zaidi, lakini aliukatisha. Kopo 12 ninazo bado, hasara 1,800. Nahisi zitafaa nyanya.

Ila jaribio lile ndilo lililofungua macho. Mwenye mtaa mmoja wa nyumba 40 Lang'ata alinitaka nimwage unga. Nikamweleza nilichoona, nikadhani nimempoteza. Akauliza, "Sasa kinachofukuza ni nini?" Tukazunguka pamoja. Nafasi ya vidole vitatu chini ya geti. Kuni zilizolazwa ardhini. Chakula cha kuku kinachomwagika kila jioni, na njia za panya zinazoonekana kwenye nyasi kama vichochoro. Nilimwandikia karatasi moja. Akaniomba nije kila mwezi, 4,500.

22 Septemba. Mdomo unalipa kuliko kulabu

Mikataba ya ukaguzi sasa ni mitatu, 13,500 kwa mwezi. Tarehe 19 Septemba ni siku ya kimataifa ya uhamasishaji kuhusu kuumwa na nyoka, na mwalimu alinisukuma niandikie shule na kampuni mapema Agosti. Nilipata mazungumzo manne, 8,000 kila moja: 32,000 kwa wiki moja bila kumgusa nyoka.

La kwanza nililiharibu. Nilianza na takwimu za WHO, vifo kati ya 81,000 na 138,000 duniani kila mwaka, nikaona simu zikitolewa mifukoni. La pili nilianza na ndoo iliyozaa, takwimu zikafuata, wakakaa. Walitaka nije na nyoka hai. Nilikataa, nikaja na gamba la kifutu lililovuliwa zima. Mikono inalipitisha, maswali yanakuja yenyewe.

Swali lisilokosa ni jiwe jeusi la kunyonya sumu. Mzee mmoja alilitoa mfukoni, akasema limemponya shemeji yake. Sikubishana na shemeji. Niliuliza alikuwa nyoka gani, hakuna aliyemwona. Nyoka wengi hawana sumu ya kuua, na hata mwenye sumu huuma mara nyingine bila kuitoa. Jiwe linachukua sifa. Nilimwomba alishike mkononi akiwa njiani kwenda hospitali. Akakubali, watu wakacheka, naye akacheka.

9 Novemba. Hesabu ya Oktoba

Nilitoka mara 14, nyoka alipatikana mara 10. Malipo ya kutoka 21,000, malipo ya kumpata 20,000. Mwalimu alichukua 12,300, bodaboda 9,400. Mikataba 13,500, mazungumzo moja 8,000, simu na bando 1,500. Kilichobaki mkononi ni 39,300.

Kati ya wale 10, wenye sumu ya kutisha walikuwa 5: vifutu watatu, swila mmoja, koboko mmoja upande wa mbuga, ambaye mwalimu alimshika huku mimi nikishika mlango. Hao watano waliingiza 17,500 katika 62,500 zilizopita mikononi mwangu. Robo na kidogo. Nikikumbuka Januari nilivyotaka kuishi kwa sumu, naona ningekuwa nimelala njaa mara tatu kwa wiki.

Maombi ya kibali yameingia upya, safari hii "kuondoa na kuhamisha" peke yake. Pikipiki kuukuu nimeilipia nusu. Fundi wa Gikomba anatengeneza sanduku la mabati la nyuma, ndoo mbili zikae wima, wavu ndani, kufuli nje, lisiandikwe chochote. Anataka 6,500. Nimempa 3,000. Aliuliza la kubebea nini, nikasema ndoo.

"Za maji?"

"Za kazi."

Litakuwa tayari Jumamosi.